Gazeti la karatasi limeshindwa mbio, halijashindwa ushahidi

KWA miaka mingi habari za Dar es Salaam zilifika Bagamoyo kwa basi. Magazeti yaliyochapwa usiku jijini yalifungwa mafurushi, yakapakiwa alfajiri, yakapita Tegeta na Bunju, yakavuka daraja la Mto Mpiji na kuingia Mapinga, kisha yakafika mikononi mwa wauzaji wa mji huo mkongwe asubuhi.

Safari hiyo ya kilomita zipatazo 70 ingalipo, lakini habari zenyewe haziisubiri tena. Mfanyakazi anayeishi Kerege, mwalimu wa Zinga na mfanyabiashara wa samaki mjini Bagamoyo hufungua simu ya mkononi na kusoma yaliyotokea jijini usiku uleule, pengine kabla wino wa gazeti la kesho haujakauka.

Katika hali hiyo, ni haki kuuliza iwapo gazeti la karatasi lina kazi gani tena. Wapo wanaoamini kuwa limebaki kuwa mazoea ya wazee, na kwamba siku zake zinahesabika. Wapo pia wanaolitetea kwa sababu tu wamelizoea.

Pande zote mbili zinapima gazeti kwa kipimo kimoja, nacho ni kasi. Kwa kipimo hicho mjadala umekwisha na karatasi imeshindwa. Lakini kasi haikuwa kazi pekee ya gazeti. Kazi nyingine, ambayo katika ukanda wa pwani wenye migogoro ya ardhi na miradi isiyokwisha ni nzito zaidi, ni kushuhudia: kueleza nini kilisemwa, na nani, na siku gani, kwa namna ambayo hakuna anayeweza kuibadilisha baadaye.

Jinsi karatasi ilivyoshindwa mbio

Gazeti la kila siku lina saa yake. Kurasa hufungwa jioni au usiku, mitambo huanza kuchapa, na magari ya usambazaji huondoka kabla ya mapambazuko. Jambo linalotokea baada ya kurasa kufungwa husubiri siku inayofuata. Utaratibu huo hauna tiba, kwa kuwa karatasi lazima ichapwe na lazima isafirishwe.

Nchini Tanzania mbio zilianza kubadilika katikati ya muongo wa kwanza wa karne hii. Mwaka 2005 mpigapicha wa gazeti la Daily News, Issa Michuzi, alianzisha blogu yake, ambayo muda si mrefu ikawa kijiwe cha Watanzania wa ndani na wa ughaibuni. Mwaka uliofuata ukaanza ukumbi wa majadiliano wa JamboForums, ambao baadaye uliitwa JamiiForums.

Hata hivyo, wakati ule intaneti ilitegemea zaidi setilaiti, na gharama yake ilikuwa kubwa. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kutoa huduma Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata ule wa EASSy. Simu zenye uwezo wa kufungua tovuti zikaenea, vifurushi vikauzwa kwa siku na hata kwa saa, na kufikia mwaka 2024 laini zinazotumia intaneti nchini zilikuwa zimezidi milioni 40.

Kwa msomaji, manufaa ni dhahiri. Habari humfikia bure au kwa gharama ndogo, ikiwa na picha za video, nayo husahihishwa punde kosa linapogundulika. Aliye Bagamoyo hana tena unyonge wa kupata habari baada ya aliye Kariakoo.

Redio na televisheni nazo ziliminya soko la karatasi kwa namna yake. Vipindi vya asubuhi vya kusoma magazeti vilipendwa mno, kiasi kwamba msikilizaji alimaliza habari nzima bila kununua nakala. Mwaka 2017 aliyekuwa Waziri wa Habari, Dk. Harrison Mwakyembe, aliagiza watangazaji waishie kwenye vichwa vya habari. Agizo hilo lilionyesha jinsi hali ilivyokuwa ngumu kwa wachapishaji.

Magazeti ya pwani hayakuwahi kuwa na haraka

Historia ya magazeti ya Kiswahili, ambayo kwa sehemu kubwa ni historia ya pwani hii, inafundisha jambo ambalo husahaulika katika mjadala wa sasa.

Msimulizi, miongoni mwa magazeti ya kwanza ya Kiswahili, lilianza kutolewa Zanzibar mwaka 1888 na wamisionari wa Kianglikana wa UMCA. Wenzao wa Magila, karibu na Muheza, wakatoa Habari za Mwezi katika muongo uliofuata. Mwaka 1904 likaanza Kiongozi, lililochapwa katika shule ya serikali ya Wajerumani mjini Tanga, ambalo liliendelea hadi vita vilipofika huko mwaka 1916. Baada ya Waingereza kushika nchi, idara yao ya elimu ilianzisha Mambo Leo jijini Dar es Salaam mwaka 1923.

Magazeti hayo hayakuwa na haraka. Mengi yalitoka mara moja kwa mwezi, yakasafiri kwa mashua, kwa reli na kwa miguu ya wapagazi. Habari iliyosomwa ilikwisha kuwa ya zamani, na mara nyingi watu wa mahali husika walikwisha kuijua kwa mdomo. Bado yalisomwa, yakasomewa wasiojua kusoma, na yakapelekewa barua na mashairi kutoka miji mbalimbali.

Watu waliyathamini kwa kuwa neno lililochapwa lilikuwa na hadhi ya neno lililoandikishwa. Mtu aliyeandika barua gazetini alisimama mbele ya umma kwa jina lake na mahali atokako. Leo wanahistoria wa enzi ya Wajerumani na Waingereza huyarudia magazeti hayo kwa sababu yanaonyesha Waswahili walivyojieleza wenyewe, mbali na kumbukumbu za maofisa wa kikoloni.

Bagamoyo yenyewe inao mfano wa nguvu ya maandishi yaliyochapwa. Mji huo ulikuwa makao makuu ya koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki hadi mwaka 1891, utawala ulipohamia Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya maisha ya wenyeji wa wakati huo ingepotea kama isingeandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, ambaye baadaye alifundisha Kiswahili Berlin. Maelezo yake na ya wenzake kuhusu desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten nchini Ujerumani mwaka 1903, na hadi sasa hakuna mtafiti wa pwani anayeweza kuyaruka.

Waliokufa wengi wa Bagamoyo walijua mambo mengi kuliko yaliyomo katika kitabu hicho. Lakini yaliyobaki ni yale yaliyotiwa kwenye karatasi.

Bandari inayozungumzwa tangu mwaka 2013

Anayedhani kumbukumbu ni suala la wanahistoria tu na autazame mradi wa Bandari ya Bagamoyo.

Machi 2013, Rais wa China, Xi Jinping, alipoitembelea Tanzania, yalitiwa saini makubaliano ya awali ya kujenga bandari hiyo. Oktoba 2015, siku chache kabla ya kuondoka madarakani, Rais Jakaya Kikwete aliweka jiwe la msingi. Mradi ulihusisha kampuni ya China Merchants na mfuko wa serikali ya Oman, na thamani yake, pamoja na eneo maalumu la viwanda, ilitajwa kuwa takribani dola bilioni 10 za Marekani.

Serikali iliyofuata iliusimamisha. Juni 2019, Rais John Magufuli aliwaeleza wafanyabiashara Ikulu kuwa masharti ya mwekezaji hayakubaliki, akitaja muda wa dhamana wa miaka 33 na ukodishaji wa miaka 99. Juni 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa mazungumzo ya kuufufua yameanza.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam hizo zilikuwa habari nne za ukurasa wa mbele zilizogawanyika katika miaka minane. Kwa mkazi wa Mlingotini, Pande au Zinga zilikuwa maswali ya maisha: apande minazi mipya au asipande, amalizie nyumba au asubiri, ahesabu fidia au ahesabu shamba.

Mradi unaobadilika hivyo humhitaji mwananchi awe na kumbukumbu isiyoyumba. Kiongozi akija kijijini na kusema jambo hilo halikuwahi kuahidiwa, mwananchi anahitaji kuonyesha kwamba liliahidiwa, lilisemwa na nani, na tarehe ngapi. Nakala ya gazeti yenye tarehe juu ya ukurasa hutoa jibu hilo. Haihitaji kufunguliwa kwa nywila, na maandishi yake ni yaleyale yaliyosomwa na maelfu ya watu asubuhi ile.

Habari ya mtandaoni huweza kutoa jibu hilohilo, lakini si kila mara. Tovuti za magazeti hubadilishwa muundo, na habari za zamani hubaki njiani. Kampuni hufungwa na kurasa zake zikatoweka. Kichwa cha habari huweza kurekebishwa adhuhuri, na aliyekisoma asubuhi akabaki bila ushahidi wa alichokiona.

Tatizo hilo ni la dunia nzima. Utafiti wa taasisi ya Pew ya Marekani uliotolewa Mei 2024 ulionyesha kuwa asilimia 38 ya kurasa za mtandaoni zilizokuwapo mwaka 2013 hazikuweza kufunguliwa miaka 10 baadaye. Mwaka 2013 ndio mwaka yalipotiwa saini makubaliano ya Bandari ya Bagamoyo.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa vijiji vya pwani, mali hiyo ni ardhi.

Matangazo ambayo watu hawayasomi mpaka wachelewe

Sehemu ya gazeti yenye uzito mkubwa kisheria mara nyingi ni ile isiyo na picha. Ni kurasa za ndani zenye maandishi madogo: taarifa ya kupotea kwa hati ya kumiliki ardhi, wito wa mahakama kwa mdaiwa asiyejulikana alipo, maombi ya usimamizi wa mirathi, mnada wa nyumba iliyowekwa rehani.

Matangazo hayo yana maana ya pekee katika njia ya kutoka Bunju kwenda Bagamoyo. Kwa zaidi ya miongo miwili wakazi wa Dar es Salaam wamekuwa wakinunua viwanja Mapinga, Kerege, Kiromo na Zinga. Wapo waliojenga na kuhamia, na wapo waliokiacha kiwanja kikiota majani huku wao wakiishi kwingine. Baadhi wamefariki, na watoto wao hawajui mipaka ilipo.

Chukulia familia iliyoachiwa kiwanja Kiromo na baba. Mtu mwingine anadai kukimiliki, anaeleza kuwa hati imepotea na anaomba apewe nyingine. Kabla ya kupewa, umma hutangaziwa, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Tangazo hilo ndilo mlango wa mwisho wa familia hiyo kusikilizwa mapema. Likiwekwa mahali pasipoonekana, mlango umefungwa kimyakimya.

Wapo wanaoshauri kuwa matangazo ya namna hiyo yahamie mtandaoni moja kwa moja, kwa kuwa ndiko watu waliko. Hoja hiyo ina uzito. Tangazo la mtandaoni hutafutika kwa jina au kwa namba ya kiwanja, na aliye Mwanza au Muscat hulipata sawa na aliye Bagamoyo.

Lakini tangazo la mtandaoni linaibua swali la pili: nani atathibitisha kuwa lilikuwapo kwa siku zote zilizotakiwa, bila kuondolewa kwa muda na kurejeshwa? Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki kupokewa mahakamani, ila katika kupima uzito wake hutazamwa namna taarifa ilivyohifadhiwa na jinsi aliyeitoa anavyotambulika. Ukurasa uliochapwa nakala nyingi, zilizotawanyika kwa wanunuzi wasiojuana, ni mgumu kuuondoa.

Ni vema kuelewa mpaka wa ushahidi huo. Habari ya gazeti peke yake haithibitishi kuwa jambo lilitokea kama lilivyoelezwa, kwa kuwa mwandishi huweza kukosea au kupotoshwa. Inachothibitisha ni kuwa jambo lilitangazwa hadharani siku ile, kwa maneno yale. Katika mgogoro wa ardhi, hilo mara nyingi ndilo swali lenyewe.

Uhamisho wa matangazo una athari nyingine pia. Wiener Zeitung la Austria, lililoanza mwaka 1703, lilisitisha toleo lake la kila siku la karatasi Juni 30, 2023, baada ya sheria mpya kuondoa wajibu wa makampuni kulipia matangazo rasmi katika kurasa zake. Matangazo yale madogo yasiyosomwa ndiyo yaliyokuwa yakiwalipa waandishi wa habari kubwa.

Siku mtandao unapokatika

Msomaji wa mtandaoni hutegemea mlolongo mrefu: umeme, mnara, kampuni ya simu, mkongo wa baharini, leseni ya mchapishaji na uamuzi wa mamlaka. Kiungo kimoja kikikatika, ukurasa haufunguki.

Mei 12, 2024 hitilafu katika mikongo ya EASSy na SEACOM baharini, upande wa kusini mwa Afrika, ilidhoofisha intaneti Tanzania na nchi jirani. Kwa saa nyingi hata malipo ya kawaida ya kibiashara yalikwama.

Oktoba 2024 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilisitisha kwa siku 30 leseni za maudhui ya mtandaoni za kampuni ya Mwananchi Communications, baada ya gazeti la The Citizen kuweka mtandaoni video ya katuni. Magazeti ya karatasi ya kampuni hiyo yaliendelea kutoka. Katika mwezi huo, aliyetaka kusoma waandishi walewale alilazimika kununua nakala.

Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini, na ilichukua siku kadhaa kurejea. Kwa kipindi hicho tovuti za habari, za ndani na za nje, hazikuwa na maana kwa msomaji wa kawaida aliye Tanzania.

Hata hivyo, itakuwa ni kujidanganya kudai kuwa karatasi iko salama. Mitambo nayo inahitaji umeme, na magari yanahitaji barabara iliyo wazi. Amri ya kutotoka nje usiku, kama iliyotangazwa Dar es Salaam siku hiyohiyo ya uchaguzi, huikuta kazi ya uchapaji na usambazaji katika saa zake muhimu. Aidha, magazeti ya Mwanahalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima yaliwahi kufungiwa au kunyang'anywa leseni, hadi Serikali ilipoyafungulia Februari 2022.

Tofauti iko mahali pengine. Gazeti lililofungiwa leo huzuiwa kutoa toleo la kesho, lakini toleo la jana limekwisha kwenda. Limo sebuleni kwa mtu, limo ofisini, limo katika duka la vinyozi. Ukurasa wa mtandaoni ukifungwa, ya jana hufungwa pamoja na ya kesho.

Anayeghushi huchagua chenye thamani

Kuna ushahidi mmoja wa thamani ya karatasi ambao, kwa kinaya, unatoka mtandaoni.

Mara kwa mara husambazwa kupitia WhatsApp picha za kurasa za mbele za magazeti maarufu zikiwa na vichwa vya habari ambavyo magazeti hayo hayakuandika. Wahariri hulazimika kutoa taarifa kwa umma kukanusha. Anayetaka uongo wake uaminiwe haandiki ujumbe mtupu. Anauvika jina la gazeti, tarehe, bei na mpangilio wa ukurasa.

Kama msemo wa sokoni usemavyo kuwa hakuna anayeghushi noti isiyonunua kitu, ndivyo ilivyo kwa kurasa hizo. Wasambazaji wa uzushi wamekwisha kupima na kuona kuwa wananchi bado hulisadiki neno lililochapwa kuliko lile linaloelea. Na njia rahisi ya kuubaini uongo huo ni kwenda kwenye meza ya magazeti na kulitazama toleo lenyewe.

Karatasi inapojiangusha yenyewe

Thamani hiyo, hata hivyo, haidumu kwa jina tu. Yapo mambo yanayoitafuna kila siku.

La kwanza ni gharama. Karatasi za kuchapia magazeti huagizwa kutoka nje, na bei yake hufuata thamani ya fedha za kigeni. Kupungua kwa wanunuzi hupandisha gharama ya kila nakala, bei ikipanda wanunuzi hupungua zaidi, na sehemu za kwanza kukatwa katika usambazaji ni zile zilizo mbali na jiji.

La pili ni maudhui. Gazeti linaloshindana na simu kwa kurudia asubuhi kile ambacho kila mtu alikisoma usiku halimpi msomaji sababu ya kutoa fedha mfukoni. Likijaza kurasa zake kwa hotuba za ufunguzi wa semina, halina ushahidi wowote linaoutunza. Mkazi wa Bagamoyo anahitaji mwandishi anayefika Mlingotini, anayehudhuria baraza la madiwani, anayerudi kuuliza ahadi ya mwaka jana iliishia wapi.

La tatu ni uhifadhi. Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba ya mwaka 1975 inawataka wachapishaji nchini kuwasilisha nakala za machapisho yao, na hazina ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inayo magazeti ya miaka mingi. Lakini nje ya hapo, karatasi za jana mjini Bagamoyo, kama kwingine, hufungia karanga, vitumbua na samaki wa kukaanga. Karatasi ya gazeti ni duni. Hugeuka manjano, huvunjika, na unyevunyevu wa pwani huiharakisha.

Hapa ndipo mtandao unapoweza kuwa msaidizi badala ya mshindani. Nakala za karatasi zilizopigwa picha na kupangwa kwa tarehe hutafutika kwa urahisi, na nakala ya asili hubaki kuwa kipimo cha kuthibitishia.

Uzoefu wa nchi nyingine unaonyesha kuwa hakuna njia moja. The Independent la Uingereza liliacha karatasi Machi 2016 na kubaki mtandaoni. Jarida la Newsweek la Marekani liliacha kuchapwa mwishoni mwa mwaka 2012, likarejea kwenye karatasi mwaka 2014, likiwalenga wasomaji wachache walio tayari kulilipia. Waliofanikiwa walijua kwanza kazi yao ni ipi, ndipo wakachagua chombo.

Kazi iliyobaki

Kwa Bagamoyo na ukanda wake, kazi hiyo inaonekana wazi. Simu imwambie mwananchi kilichotokea sasa hivi. Gazeti la karatasi limtunzie kilichosemwa, lieleze kwa utulivu maana yake, na libaki kuwa mahali ambapo tangazo linalogusa shamba, nyumba au urithi haliwezi kuwekwa usiku na kuondolewa alfajiri.

Kwa wachapishaji, maana yake ni kuacha kukimbiza habari ya saa na kuwekeza katika habari iliyothibitishwa. Kwa mamlaka, ni kutoharakisha kuyaondoa matangazo ya kisheria kwenye karatasi kabla ya kuweka utaratibu wa mtandaoni ambao mahakama na mwananchi wanaweza kuuthibitisha. Kwa halmashauri, shule na ofisi za vijiji, ni kutunza majalada ya magazeti yanayotaja maeneo yao. Kazi hiyo inahitaji kabati kavu na mtu mwenye nidhamu.

Kwa msomaji, yapo mawili madogo. Aache tabia ya kuruka kurasa za matangazo, hasa akiwa na kiwanja asikokaa. Na habari inayotaja kijiji chake, mpaka wake au fidia yake aikate pamoja na tarehe yake, aiweke pamoja na risiti na mikataba.

Mradi wa bandari, kama ilivyo miradi mingi ya pwani, utaendelea kubadilika na viongozi wake watabadilika. Siku ya kuhesabiana itakapofika, mwananchi ataulizwa anachodai kimeandikwa wapi.